Somo: Kumtafuta babu mlowezi wa Kentucky kupitia hati za kale za ardhi

Wengi wetu tunaoishi Louisville na Lexington, miji ya jimbo la Kentucky, Marekani, tumeoa au kuolewa katika familia za huku, na watoto wanapotuuliza habari za ukoo wao upande wa Kimarekani, jibu huishia kwa bibi mzaa bibi. Somo hili nimeliandaa kwa ajili yao. Linahusu miaka ya 1779 hadi 1820 hivi, kipindi ambacho wazungu walivuka milima ya Appalachia na kujigawia ardhi iliyokuwa ya Washawnee, Wacherokee na wenyeji wengine. Sensa za Kentucky za 1790 na 1800 zimepotea, na ya kwanza iliyosalia ni ya 1810. Kwa hiyo mtu aliyefika mwaka 1780 anaweza kuwa aliishi miaka 30 bila kuonekana katika karatasi nyingi za serikali isipokuwa zile za ardhi na za kodi.

Hatua ya kwanza: anza na kijito, jina lifuate

Nilipoanza kumtafutia mke wangu babu yake wa sita, nilipoteza miezi minne nikilikimbiza jina. Makarani wa enzi hizo waliandika walichokisikia, si walichoonyeshwa. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Kapteni Abraham Lincoln, babu wa rais mwenye jina hilo hilo, ambaye katika karatasi zake za ardhi ameandikwa "Linkhorn". Anayetafuta jina hilo kwa herufi tunazozijua leo atampita bila kumwona. Kijito alichopimiwa shamba, Long Run, kilicho mashariki ya Louisville, kinaitwa hivyo mpaka leo.

Kijito utakipata katika orodha za kodi, zinazoanza mwaka 1792, Kentucky ilipokuwa jimbo. Usiangalie idadi ya ekari na farasi tu. Orodha nyingi zina safu inayotaja mkondo wa maji, na nyingine tatu zinazoonyesha ardhi ile iliandikishwa kwa jina la nani, ikapimwa kwa jina la nani, na hati ikatolewa kwa jina la nani. Majina hayo matatu yakitofautiana, umeshika uzi wa mauziano au urithi kabla hujafungua daftari lolote la hati.

Hatua ya pili: ijue kaunti mama

Mwaka 1780 Kentucky yote ilikuwa na kaunti tatu, yaani Fayette, Jefferson na Lincoln, na leo zipo 120. Shamba halikuhama, lakini kaunti ilihama juu yake, na madaftari yaliyokwisha kuandikwa yalibaki katika makao ya kaunti ya zamani. Andika tarehe kaunti yako ilipoundwa na ilikatwa kutoka wapi.

Hatua ya tatu: fuata karatasi zote nne

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo wengi wanapoharakisha. Kwa sheria ya ardhi ya 1779 ya Virginia, jimbo ambalo Kentucky ilikuwa sehemu yake mpaka 1792, mtu hakupewa hati kwa mara moja. Kwanza alipata waranti, yaani kibali cha kudai idadi fulani ya ekari. Wapo waliokwisha kujenga makazi kabla ya mwaka 1778, ambao waliruhusiwa ekari 400 na haki ya kutangulia kununua nyingine 1,000 zilizopakana nazo. Wengine walinunua waranti ya hazina kwa pauni 40 kila ekari 100, na wanajeshi wa Vita vya Mapinduzi walipewa waranti kwa utumishi wao. Pili, aliandikisha kwa mpima ardhi wa kaunti sehemu anayoidai. Tatu, ardhi ikapimwa. Nne, gavana akatia sahihi hati miliki.

Kila karatasi ina lake la kusema. Waranti iliweza kuuzwa, na aliyeinunua pengine hakuwahi kukanyaga Kentucky. Ndiyo maana ni lazima ugeuze nyuma ya karatasi usome maandishi ya kumhamishia mtu mwingine, ambayo mara kadhaa hutaja baba, shemeji au mkwe. Kati ya karatasi na karatasi ilipita miaka. Waranti ya Linkhorn ni ya Machi 1780, kwa pauni 160, lakini shamba lilipimwa tarehe 7 Mei 1785. Karatasi hizi zimehifadhiwa katika ofisi ya ardhi iliyo chini ya Katibu wa Jimbo mjini Frankfort, na picha zake nyingi zinapatikana bure kwenye tovuti yao.

Hatua ya nne: soma upimaji, kisha uchore

Tuutazame upimaji wa Linkhorn kwa karibu. Unaanzia kwenye mti wa mepo (maple) wa sukari ukingoni mwa kijito, unakwenda mashariki fito 300 hadi kwenye popla na mepo mwingine, kaskazini fito 213 na theluthi moja, magharibi fito 300 hadi kwenye mwaloni mweupe na hikori, kisha kusini mpaka ulipoanzia. Ufito mmoja, ambao kwenye karatasi utaukuta umeandikwa "pole", ni futi 16 na nusu, na ekari moja ni fito 160 za mraba. Zidisha 300 kwa 213 na theluthi moja upate 64,000, ugawe kwa 160: ekari 400 kamili. Hesabu ikikataa, ama umesoma tarakimu vibaya ama mpima alikosea, na yote mawili ni ya kawaida.

Sasa shuka chini ya karatasi, mahali ambapo macho hayafiki. Wametajwa wabeba mnyororo wa kupimia, kwa kifupi cha C.C., na mtia alama kwenye miti. Katika upimaji huu wabeba mnyororo ni Ananiah na Josiah Lincoln, na mtia alama ni mwenyewe Abraham Linkhorn. Kazi hii walipewa ndugu, watoto wa kiume na majirani, kwani ilifanyika msituni penye hatari. Mimi babu wa mke wangu nilimpata hapo hapo, akibeba mnyororo kwenye shamba la mtu ambaye baadaye alimwoza binti yake.

Chora kila shamba la kijito chako kwenye karatasi moja ya mraba. Mashamba yatapandana kama makuti juu ya paa, kwa kuwa watu wengi walidai ardhi ile ile.

Hatua ya tano: madaftari ya kaunti

Hati ya serikali ikishatolewa, mauziano yaliyofuata yaliandikwa kwa karani wa kaunti. Kuna faharasa ya wauzaji na ya wanunuzi. Soma zote mbili. Tafuta pia tamko la mke. Mjane alikuwa na haki ya theluthi ya ardhi maisha yake yote, kwa hiyo mume alipouza, mkewe aliulizwa kando kama anaiachia kwa hiari. Mara nyingi ndipo mahali pekee jina la bibi yetu limeandikwa.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo Mwalimu. Baba wa babu alikuwa na ekari nyingi, alifariki 1785 bila wasia, lakini babu mwenyewe hana hata ekari moja. Je, nimekosea familia?

Jibu: Marahaba mwanangu. Huenda hujakosea. Mpaka mwisho wa 1786 sheria ya Virginia ilimpa kifungua mimba wa kiume ardhi yote ya baba aliyekufa bila wasia. Mabadiliko yalianza kutumika Januari 1787. Kapteni Lincoln aliuawa Mei 1786, ardhi ikaenda kwa Mordecai, mwanawe mkubwa, na mdogo wake Thomas, baba wa rais, akaanza maisha bila shamba. Tafuta kwanza kaka mkubwa wa babu yako.

Swali: Mwalimu, upande wa mama mkwe wangu ni Waamerika Weusi, na wazee wao walikuwa watumwa karibu na Lexington. Je, somo hili linatuhusu?

Jibu: Linawahusu sana, dada yangu, ingawa kusoma kwenyewe kunauma. Sheria iliwahesabu wale watu kuwa mali, kwa hiyo kuuzwa kwao, kupewa binti anayeolewa, kuwekwa rehani na kuachwa huru kuliandikwa katika madaftari yale yale ya hati. Nimesoma rehani moja iliyomtaja mama na mtoto wake mchanga, kwa majina ya kwanza tu, kati ya farasi na kitanda cha manyoya. Nilifunga daftari nikatoka nje. Lakini majina yao yalikuwa pale, na umri wao. Anza na sensa ya 1870, uandike majina ya wazungu wenye mashamba jirani, kisha usome hati za kila mmoja wao. Tena, mwaka 1877 watu walioachwa huru waliondoka Kaunti ya Scott, jirani na Lexington, wakaenda kuanzisha Nicodemus, Kansas. Waliodai ekari 160 kwa Sheria ya Makazi (Homestead Act) ya 1862, iliyogawa ardhi ya serikali, walikaa miaka mitano na kuleta mashahidi, na majalada yao, yaliyo katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Marekani, hueleza ukubwa wa nyumba, ekari zilizolimwa na idadi ya watoto.

Swali: Babu yetu alihamia Indiana mwaka 1816 na sioni miti wala fito.

Jibu: Hutaviona, kaka. Ng'ambo ya mto Ohio serikali kuu ilipima kwa miraba: eneo la maili 36 za mraba, likagawanywa vipande 36 vya ekari 640. Thomas Lincoln naye alihamia Indiana mwaka huo huo, sababu kubwa ikiwa migogoro ya hati za Kentucky, na mwaka 1817 akaandikisha ekari 160 katika ofisi ya ardhi ya mjini Vincennes kwa dola 2 kila ekari. Alilipa kidogo kidogo, na mwishowe akabaki na ekari 80, hati yake ikiwa ya 1827. Kwa hiyo usitafute mwaka wa hati peke yake. Anza miaka kumi nyuma, katika madaftari ya mauzo ya ofisi ya ardhi.