Kuijenga Upya Familia ya Karne ya 17 kwa Madaftari ya Kanisa: Hatua kwa Hatua

Mkulima wa kawaida wa Uingereza wa mwaka 1660 hakuacha barua wala picha. Alichoacha ni mistari michache kwenye madaftari ya parokia yake: alipobatizwa, alipofunga ndoa, alipozikwa. Kwa mistari hiyo tunaweza kujua alioa akiwa na umri gani, mkewe alijifungua kila baada ya muda gani, na wangapi kati ya watoto wao walitangulia kaburini. Njia hii ilipangwa Ufaransa miaka ya 1950 na Louis Henry, mtaalamu wa takwimu za watu, kisha mwanahistoria Mwingereza E. A. Wrigley akaitumia kwenye parokia ya Colyton, Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Ndiyo kazi ninayoifanya na kuwafundisha wanafunzi. Inataka subira kuliko kipaji.

Hatua ya 1: Chagua parokia

Uingereza, madaftari yalianza mwaka 1538 kwa amri ya Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII. Mengi ya miaka ya mwanzo yamepotea. Kabla hujaipenda parokia yoyote, hesabu idadi ya ubatizo kwa kila mwaka. Ukiona miaka ya 1640 imeshuka ghafla karibu na sifuri, usidhani watu waliacha kuzaa. Ilikuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na uandishi ulivurugika pengi. Tafuta parokia ya kijijini yenye madaftari yote matatu yasiyo na mapengo makubwa. Nakala za madaftari mengi zinapatikana bure kwenye tovuti ya FamilySearch.

Hatua ya 2: Tukio moja, kadi moja

Kila ubatizo, kila ndoa, kila maziko yapate kadi yake, ya karatasi au ya kompyuta. Nakili jina kama lilivyoandikwa, hata kama ukoo mmoja umeandikwa kwa tahajia tatu. Kusawazisha majina ni kazi ya baadaye, na ufanye kwenye safu nyingine ili maandishi ya awali yabaki salama.

Tarehe ndizo huwaponza wengi. Hadi 1752 mwaka mpya wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Mtoto aliyeandikwa kuwa alibatizwa Januari 1664, kwa hesabu yetu alibatizwa Januari 1665. Andika miaka yote miwili kwenye kadi: 1664/5.

Hatua ya 3: Unganisha kadi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa usiwe na haraka. Unaanza na kadi ya ndoa. Unafungua fomu ya familia: mume juu, mke chini yake, watoto kwa mfuatano. Kisha unarudi nyuma kutafuta ubatizo wa wazazi, na unakwenda mbele kutafuta watoto na maziko.

Tuchukue familia ya mfano. John na Mary wamefunga ndoa Novemba 1661. Thomas anabatizwa Septemba 1662, Ann Januari 1664/5. Usipoirekebisha tarehe ya Ann, utaona pengo la miezi 16 kati yake na kaka yake. Ukiirekebisha, ni miezi 28, na hiyo ndiyo nafasi unayoitarajia kwa mama anayenyonyesha, kwa sababu kunyonyesha huchelewesha mimba.

Agosti 1667 anabatizwa Thomas mwingine. Wazazi wa zama zile mara nyingi walimpa mtoto mpya jina la nduguye aliyefariki, kwa hiyo lirudie daftari la maziko. Unakuta Machi 1666/7 kuna maziko ya "mtoto wa John", bila jina. Huenda ndiye Thomas wa kwanza, lakini weka alama ya shaka, maana Ann naye alikuwa mdogo. Sasa, Juni 1690, Thomas wa ukoo huo anaoa. Ukimuunganisha na ubatizo wa 1662, ameoa akiwa na miaka 27. Ukimuunganisha na ule wa 1667, ana 22. Makosa kumi ya namna hii katika kijiji kidogo yanatosha kuharibu wastani wako wote.

Halafu tazama William: amebatizwa Oktoba 1669, amezikwa mwezi huohuo, na mdogo wake anabatizwa Novemba 1670. Pengo limefupika hadi miezi 13. Mary hakuwa na mtoto wa kunyonyesha, na mwili wake ukarudi kushika mimba mapema. Hakuna aliyeandika habari za kunyonyesha katika kijiji hiki, lakini umeziona kwenye tarehe.

Jihadhari pia na ubatizo unaomtaja baba peke yake, kama ilivyokuwa kawaida sehemu nyingi. Mary akifariki na John akaoa tena parokia ya jirani, watoto wa mke wa pili wataonekana kama wa Mary. Daima tafuta maziko ya mke kabla ya kumwongezea mtoto.

Hatua ya 4: Kokotoa, kwa kufuata kanuni

Kanuni kuu ni kwamba unaihesabu familia kwa kipindi ambacho una hakika ilikuwepo tu. Kwa uzazi, kipindi huanza siku ya ndoa na kuisha mume au mke anapozikwa. Familia ikitoweka kwenye madaftari, huenda imehamia kwingine na inaendelea kupata watoto huko. Ukiihesabu kuwa imeacha kuzaa, unapotosha historia.

Matokeo yanaweza kushangaza. Colyton, kati ya 1560 na 1646, wanawake waliolewa mara ya kwanza wakiwa na wastani wa miaka 27. Baada ya tauni ya 1645–46 wastani ulipanda hadi karibu 30. Linganisha na Florence, mji wa Italia, ambako orodha ya kodi ya mwaka 1427 inaonyesha wasichana wakiozwa karibu na miaka 18 kwa wanaume wa takriban 30. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wasiandike "familia ya Magharibi" kana kwamba ilikuwa moja.

Hatua ya 5: Ingia ndani ya nyumba

Madaftari hayasemi nani alilala chini ya paa moja. Kwa hilo unahitaji orodha ya wakazi. Kijiji cha Clayworth, Nottinghamshire, kina mbili zilizoandikwa na mchungaji wake, ya 1676 na ya 1688. Mwanahistoria Peter Laslett alipozilinganisha, zaidi ya nusu ya watu wa orodha ya kwanza hawakuwepo kwenye ya pili. Wapo waliokufa, ila wengi walihama, hasa vijana waliokuwa watumishi katika nyumba za watu. Orodha za namna hii kutoka vijiji mia moja zilimwonyesha pia kwamba kaya ya Uingereza ilikuwa na wastani wa watu wasiofika watano. Ile nyumba kubwa ya babu, wana na wajukuu iliyodhaniwa kuwa ya kale haikuwa kawaida huko.

Hatua ya 6: Sikiliza hisia pale zilipoandikwa

Wapo wanahistoria waliodai kwamba wazazi wa zamani hawakuwapenda sana watoto kwa kuwa wengi walikufa. Kabla ya kukubali, soma shajara. Ralph Josselin, mchungaji wa Earls Colne, Essex, aliandika yake kuanzia miaka ya 1640 hadi 1683. Binti yake Mary alipofariki mwaka 1650 akiwa na miaka minane, aliandika kwa uchungu usiohitaji kufafanuliwa. Kwangu mimi ushahidi huo ni mzito. Lakini Josselin alikuwa msomi na mtu wa dini, basi usimfanye msemaji wa vibarua wasiojua kuandika.

Hatua ya 7: Taja waliokosekana

Familia utakazoweza kuzikamilisha ni sehemu ndogo ya kijiji, nazo ni za waliobaki mahali pamoja. Waliohama, wasiofunga ndoa, na waliojitenga na Kanisa la Uingereza hawamo au wamo nusunusu. Kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti yako andika idadi ya ndoa ulizoanza nazo, ngapi zimekamilika, na kila kundi lililoachwa limeachwa kwa sababu gani.