Fensi ya mbwa isiyoonekana: usiiwashe siku ya kwanza

Wafugaji wa Manispaa ya Tabora na wa vijiji vya Uyui wameanza kuagiza fensi ya mbwa isiyoonekana. Ni waya unaofukiwa kuzunguka boma, kiboksi cha kurusha mawimbi kinachochomekwa kwenye umeme ndani ya nyumba, na kola yenye vijiti viwili vya chuma vinavyogusa shingo. Mbwa akikaribia waya kola inalia, akizidi kusogea inampiga shoti. Ninaulizwa kama kitu hiki kinafanya kazi. Kinafanya, kwa mbwa aliyefundishwa. Lakini karibu kila boma ninaloitwa nakuta kosa lile lile: waya umefukiwa asubuhi, mchana mbwa kavishwa kola, jioni umeme umewashwa na mbwa kaachiwa.

Tafadhali acheni hili. Mbwa haoni waya, na mlio wa kola hajui una maana gani. Anamwona mbuzi wa jirani akipita, anakimbilia, anapigwa shoti macho yakiwa kwa yule mbuzi. Kwa akili yake, aliyemuumiza ni mbuzi, na siku atakayompata atamrarua. Kama alikuwa anamtazama mtoto anayetoka kisimani, basi chuki inahamia kwa mtoto. Mbwa mwingine akipigwa huruka mbele badala ya kurudi nyuma, anatokea nje, na kila akitaka kurudi nyumbani shoti inamngoja palepale. Anabaki mtaani. Umetumia fedha asizurure, sasa anazurura kwa sababu ya fensi yenyewe, na kuku wa watu unalipa wewe. Wa tatu hujikunyata barazani na hatoki tena, hata fisi akifika zizini. Huyo si mlinzi tena, na kumrudisha katika hali yake ni kazi ya miezi.

Mafunzo ni siku 14. Si tatu, si wiki moja kwa sababu mbwa wako ni mwerevu. Na awe ametimiza miezi sita.

Kabla ya yote weka bendera, kwa kuwa macho ya mbwa yanahitaji kitu cha kushika. Vipande vya mfuko wa salfeti vilivyofungwa kwenye vijiti vinatosha, kila baada ya mita 3. Wengi huzichomeka juu ya waya, na hapo wamekosea. Shika kola mkononi kwa kimo cha shingo ya mbwa wako, si kimo cha kiuno chako, tembea taratibu kuelekea kwenye waya, na pale inapoanza kulia ndipo bendera inakaa. Fanya hivyo pande zote za boma, maana mbwa aliyefundishwa upande wa geti tu atatoka upande wa choo.

Siku ya kwanza ni mlio peke yake, shoti imezimwa. Mfunge kamba ya mita 3, mpeleke hadi kwenye bendera, kola ikilia mvute haraka kurudi ndani, msifu, mpe dagaa. Dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa siku. Dakika 15 zikiisha acha, hata kama unaona anakwenda vizuri, kwa kuwa mbwa aliyechoka hajifunzi chochote. Siku ya 2 hadi ya 4 unawasha shoti ya kiwango cha chini kabisa. Kinachotakiwa ni kutikisa masikio, kugeuza shingo, kurudi hatua. Akilia kwa maumivu umezidisha, teremsha. Siku ya 5 hadi ya 8, bado akiwa kwenye kamba, mtu asimame nje ya bendera na mbuzi, au mtoto apite akikimbia, wewe ukiwa tayari kumvuta. Siku ya 9 hadi ya 14 mwachie bila kamba, lakini ubaki pale pale unamtazama. Kumwachia na kwenda dukani hakuhesabiki kuwa mafunzo. Baada ya hapo ng'oa bendera moja na kuacha moja, kila baada ya siku 4, hadi ziishe.

Usimwite kamwe mbwa aliye ndani wewe ukiwa nje ya waya. Neno lako litakuwa limemletea shoti, na hatakuamini tena. Ukitaka kutoka naye, vua kola, iache nyumbani, mpitishe geti lile lile kila siku kwa kamba. Kwa mbwa anayefuata ng'ombe machungani, ushauri wangu ni kwamba usimwekee fensi hii kabisa.

Kola ibane kiasi cha kidole kimoja kupita kati ya kijiti na shingo. Ikilegea, manyoya yanazuia shoti na mbwa anatoka. Ikikaa mfululizo, vijiti vinatoboa ngozi, na kwa joto letu la Oktoba inzi watataga humo na utakuta funza. Isizidi saa 12 kwa siku. Unayetaka mlinzi wa usiku, mvishe saa 12 jioni, mvue saa 12 asubuhi, mchana akae bandani, na shingo uikague kila unapomvua.

Waya ufukiwe sentimita 3 hadi 7, upite kando ya minyaa ambako jembe halifiki, kwa sababu msimu wa kulima ndio unaokata nyaya nyingi. Kona ziwe za mviringo. Nyaya mbili zinazotoka kwenye kiboksi hadi kwenye mzunguko zisokote pamoja, mizunguko 10 hadi 12 kila sentimita 30, vinginevyo mbwa atapigwa shoti mlangoni kwako. Umeme ukikatika hakuna fensi, kwa hiyo nunua kiboksi chenye betri ya akiba. Radi zikianza Novemba, kichomoe na mfunge mbwa.

Mbwa aliyeelewa hugeuka mwenyewe kwenye mlio, bila shoti.

Hata hivyo msiache senyenge au ukuta kwa kutegemea waya huu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulikuta kuwa asilimia 44 ya mbwa wa fensi za aina hii waliwahi kutoroka, dhidi ya asilimia 23 ya waliozungushiwa uzio wa kawaida. Na waya haumzuii anayeingia. Fisi anapita, mwizi anapita, na mbwa wa mtaani mwenye kichaa anapita akimkuta wako ndani amefungiwa na mawimbi, hana pa kukimbilia. Hivyo kabla sijaja kukagua waya wako nitaomba kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa: ya kwanza akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Na mtu yeyote akiumwa na mbwa, awe wa kwenu au wa nje, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, halafu aende hospitali siku hiyo hiyo.