Somo: pingamizi za kikaoni, ipi ni ipi

Wana vikoba wa Tanga hamjambo. Kikao kikichafuka tu kila mtu anapiga kelele "taarifa!" hata kama taarifa yenyewe hana, sasa leo tuzipange.

Hatua ya 1, jiulize unapinga nini. Kama kanuni inavunjwa, hiyo ni KUHUSU UTARATIBU. Unamkata msemaji hata katikati ya sentensi, huhitaji wa kukuunga mkono, na kwa kawaida haipigiwi kura, mwenyekiti anaamua. Ila utaje kanuni! Mfano katiba yenu inataka akidi (idadi ya chini ya kufanya kikao halali) iwe nusu ya wanachama, mpo kumi kati ya thelathini na mhazini kashaanza kusoma majina ya wakopaji, simama hapo hapo usingoje mihogo ya chai ipite ndo ukumbuke. Kosa linaloendelea, kama uamuzi unaopingana na katiba, hilo hata baadaye unaliibua.

TAARIFA ni kumuongezea msemaji jambo analolikosa, anaipokea au anaikataa, mnaona bungeni. MWONGOZO unamuuliza mwenyekiti tu kama lililofanyika linaruhusiwa.

Hatua ya 2, kuzuia hoja isijadiliwe kabisa. Hii iko kwenye kanuni za vikao za Henry Robert, mhandisi wa jeshi la Marekani, alizitoa 1876. Inaletwa kabla mjadala haujaanza na inataka theluthi mbili wakatae isijadiliwe. Katiba yenu kama haina kitu hicho achaneni nacho, mtagombana bure.

Hatua ya 3, hukubali alivyoamua mwenyekiti. Kwa Robert unakata rufaa hapo hapo, mwenzio anakuunga mkono, wanachama wanapiga kura, zikilingana mwenyekiti kashinda. Bunge letu haliko hivyo, asiyeridhika na Spika anaandika kwa Katibu wa Bunge.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Huku Ngamiani mwenyekiti ndo kaomba mkopo na ndo anaongoza mjadala wa mkopo wake, nasimama na ipi?
– Marahaba mwanangu. Kuhusu utaratibu, muombe ampishe makamu kiti mpaka jambo lake liishe.

Na yule wa taarifa kila dakika, lengo lake jua lizame tusipige kura?
– Huyo anachelewesha makusudi, mwenyekiti ana haki ya kumkatalia asimpe nafasi. Ila amwambie kwa jina mbele ya watu na katibu aandike kwenye muhtasari.