Kabla baridi ya Juni haijafika, kagua umeme wa nyumba yako

"Vaa ndala kwanza, mwanangu. Hilo bomba linapiga."

Mama mmoja wa Isyesye, Mbeya, aliniambia hivyo mlangoni mwa bafu lake. Ndala zenyewe zilikuwa pale pembeni, za bluu, zimelika kisigino. Nyumba nzima ilikuwa ikizivaa kwa zamu, hadi mjukuu wa darasa la pili, na walishazoea. Mimi niliitwa kubadilisha hita iliyokufa, basi. Bomba halikuwemo kwenye maombi.

Nilizima meni swichi, nikapima kuhakikisha umeme umekata, nikafungua hita. Waya wa ethi, ule wa kijani na njano, ulikuwa umekatwa na kusukumwa ndani ya ukuta. Nikatoka nje kutafuta nondo ya ethi. Ya kawaida ni ya shaba, inapigiliwa ardhini zaidi ya mita moja. Niliyoikuta ni kipande cha nondo ya kujengea; nilikivuta kwa mkono mmoja kikatoka kama karoti ya Uyole.

Kila mwaka hapa Mbeya baridi ikikaribia nakutana na nyumba za namna hii. Watu wananunua hita za kuogea, wanaziunga kwenye nyaya zilizowekwa kwa ajili ya taa na redio, na kwa kuwa maji yanatoka moto wanaamini kazi imekwisha. Taa kuwaka na maji kuchemka havikuambii chochote kuhusu usalama. Kwa hiyo tenga saa moja mchana, ukague mwenyewe. Mengi yanaonekana bila kufungua kitu chochote, na kufungua muachie fundi.

Anza bafuni. Ukigusa bomba au ukuta wenye unyevu ukahisi kuchomachoma kama upupu, hata kidogo tu, zima umeme wa hita siku hiyo hiyo na usiiwashe tena mpaka fundi apime ethi. Ndala haziokoi mtu. Zimelowa, na mkono wako mwingine uko ukutani. Ethi kazi yake ni kuupa umeme uliovuja njia ya kwenda ardhini. Isipokuwepo, njia inakuwa mwili wa anayeoga.

Hapo hapo angalia mzigo. Soma kibandiko cha hita, kimeandikwa wati. Hita ya wati 5,500 kwa umeme wetu wa volti 230 inavuta karibu ampia 24. Inahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye breka, na mimi huweka wa milimita 6 na breka ya ampia 32. Wa 2.5 ni wa soketi, wa 1.5 ni wa taa. Ukikuta hita imeungwa kwenye soketi ya karibu, hiyo ni kazi ya kishoka, hata kama aliyeifanya ni shemeji yako.

Kisha nenda kwenye breka. Muulize aliyeishi humo kabla yako: kuna breka iliyokuwa inakata ovyo, ikabadilishwa? Swali hili nalipenda kuliko yote, maana jibu lake mara nyingi ni "ndiyo, fundi akaweka kubwa zaidi, sasa haisumbui." Breka iko pale kuulinda waya. Ukiweka ya 32 juu ya waya wa 1.5, waya utaungua ndani ya ukuta na breka imetulia tu. Breka inayokata kila mara inakuambia kuna shoti au mzigo umezidi. Itafutiwe sababu.

Kama una ile swichi yenye kitufe cha T, mafundi tunaiita RCD, inayokata umeme ukivuja, kibonyeze kitufe hicho. Lazima ikate papo hapo. Isipokata, imekufa. Lakini ikikata usidhani ethi ni nzima: kitufe kile kinajipima chenyewe ndani, hakiendi hadi kwenye nondo. Nyumba ile ya Isyesye haikuwa nayo kabisa.

Soketi: piga pasi kama dakika ishirini, chomoa, halafu weka kiganja juu ya plagi na juu ya soketi. Uvuguvugu ni kawaida. Ikiwa moto wa kukufanya uondoe mkono, kuna muungo uliolegea nyuma. Tafuta pia doa la kahawia kwenye matundu, na harufu kama ya samaki isiyo na samaki; hiyo ni plastiki inayopikwa.

Taa ya LED inayobaki na mwanga hafifu ukishazima inaweza kuwa ishara kwamba swichi inakata nyutro, waya wa kurudisha umeme, badala ya laivu, ule unaouleta. Maana yake holda ina umeme hata taa ikiwa imezimwa, na anayebadilisha balbu hajui.

Darini usipande kama hujui pa kukanyaga. Fungua kifuniko umulike tochi. Unatafuta miungo iliyo wazi na nyaya zilizotafunwa na panya. Nimekuta miungo imesokotwa kwa vidole na kufungwa kwa mfuko wa rambo, mifuko ambayo ilipigwa marufuku tangu 2019. Juu ya mbao kavu za msonobari, mahali kama hapo nisingelala hata usiku mmoja.

Mwisho, nje. Fuata waya unaokwenda kwenye banda la kuku au chumba cha mpangaji. Hivi vinaongezwa baada ya mita kufungwa, na aliyeviongeza mara nyingi si aliyefanya waya za nyumba. Unachotafuta ni waya mwembamba wa ndani, umelazwa juu ya ua wa michongoma, jua na mvua ya miezi mingi vimepasua ganda lake, na mwisho wake kuna balbu ya kupasha vifaranga juu ya maranda.

Ukimwita fundi, mwombe akuonyeshe leseni yake ya EWURA, na asiondoke kabla hajapima ethi kwa kifaa na kukuandikia alichokipata. Mita ya Luku na lakiri yake ni vya TANESCO. Hata fundi mwenye leseni asiviguse. Kama ndiyo kwanza unajenga, piga picha kila ukuta mabomba ya waya yakiwa wazi, kabla ya plasta, uzitunze mahali pasipopotea. Mama wa Isyesye hakuwa nazo. Kuufuata ule waya wa kijani kulinichukua siku mbili na tindo.