Lushoto na watoto: matembezi ya msituni na ndege wa Usambara, hatua kwa hatua

Kinachoharibu safari nyingi za milimani na watoto ni mpango wa watu wazima. Wazazi huhesabu kilomita, watoto hutaka kusimama. Na ndege wa msituni huonekana kwa aliyesimama. Kwa hiyo mpango huu wa siku tatu katika Usambara Magharibi una umbali mfupi kwa makusudi. Mtoto wa miaka sita anaumudu, na mtu mzima anayependa ndege hatakosa kitu.

1. Chagua majira

Epuka masika, Machi hadi Mei. Udongo mwekundu wa Usambara ukilowa huteleza vibaya, hasa kwenye miteremko. Familia nyingi hufungwa na likizo za shule, yaani Juni au Desemba, na zote mbili zinafaa ukijua zinavyotofautiana. Juni ni kukavu lakini baridi ni kali: usiku inaweza kufika karibu nyuzi 10, na ukungu hukaa msituni hadi saa tatu asubuhi. Desemba bado kuna mabaki ya vuli, hivyo tembea asubuhi na uwe umerudi kabla ya saa saba. Faida yake ni matunda: maplamu na mafyulisi huanza kujaa sokoni. Usiyefungwa na shule, nenda Septemba. Ndege wengi huimba kuelekea mvua za vuli, na ndege anayeimba ni rahisi kumpata.

2. Panda kutoka Mombo mkiwa na tumbo jepesi

Kutoka Dar es Salaam unapita Chalinze, Segera na Korogwe hadi Mombo, ndipo unaacha barabara kuu. Kutoka Mombo hadi mjini Lushoto ni kilomita zisizozidi 35 za lami, lakini kona hazihesabiki. Watoto hutapika hapa kuliko mahali pengine popote, na chanzo kikubwa ni simu: macho yanatazama kitu kilichotulia wakati mwili unazungushwa. Kusanyeni simu Mombo. Mpe mtoto mkate mkavu au ndizi nusu, fungua dirisha, atazame mbele. Simameni Soni mnyooshe miguu.

Wenye gari binafsi, siku ya kurudi shukeni kwa gia ndogo. Ukikanyaga breki mfululizo zinapata moto na kulegea, na ukingo wa barabara hauko mbali.

3. Kibali na mwongozaji

Msitu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Shughulikia kibali siku moja kabla, si asubuhi ya safari, kwa kuwa saa mbili za kusubiri malipo yapite ndizo saa mbili bora za ndege. Lipia kwa namba ya malipo ya serikali na udai stakabadhi.

Mwongozaji mchukue hata kama njia inaonekana wazi. Muulize swali moja kabla ya kukubaliana: "Hondohondo wanakula mti gani wiki hii?" Anayeingia msituni mara kwa mara atakujibu papo hapo, kwa sababu ndege wakubwa hufuata miti yenye matunda, na miti hiyo hubadilika.

4. Rekebisha darubini nyumbani

Hapa ndipo watoto wengi hukata tamaa, na kosa si lao. Darubini iliyoandikwa 8x42 inamfaa mtu mzima: inakuza mara nane, na lenzi za milimita 42 huingiza mwanga wa kutosha chini ya miti. Ila darubini nyingi za ukubwa huo hazijikunji vya kutosha kwa uso wa mtoto, ambaye macho yake yamekaribiana. Matokeo yake anaona giza au miduara miwili, na kwa aibu anasema "nimeona". Mtafutie ndogo na nyepesi, 6x au 8x, na umpimie dukani kabla ya kulipa.

Kisha fuata mpangilio huu:

- Asiyevaa miwani avute nje vikombe vya macho, yaani mipira inayozunguka lenzi unazochungulia. Mwenye miwani avirudishe ndani.
- Kunja au kunjua bawaba mpaka miduara miwili iwe mmoja.
- Funika lenzi ya kulia, tazama bango lililo mbali kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la katikati mpaka maandishi yakae sawa.
- Funika ya kushoto. Sasa zungusha pete ya jicho la kulia peke yake. Ukigusa gurudumu la katikati hapa, umeharibu hatua iliyotangulia.
- Weka alama ndogo kwenye pete, maana mtoto ataizungusha.

Zoezi muhimu kuliko yote: mwambie akazie macho kitu, kwa mfano embe mtini, kisha apandishe darubini usoni bila kuondoa macho pale. Wanaoinua darubini kwanza na kutafuta baadaye hupotea kwenye majani. Dakika kumi kwa siku kwa wiki moja zinatosha.

5. Siku ya kwanza: Irente, bila haraka

Kutoka mjini hadi ukingo wa Irente ni takriban kilomita sita. Mnaweza kwenda kwa miguu na kurudi kwa gari. Mazungumzo na watu wa njiani, mashamba ya ngazi, na chakula cha shamba la Irente vinatosha kuijaza siku. Kwenye ukingo hakuna mchezo: mwamba unashuka ghafla hadi tambarare ya Mazinde, chini kabisa. Mtoto mmoja, mkono mmoja wa mtu mzima, wakati wote. Lala kifudifudi mtazame chini. Kunguru wakubwa wenye shingo nyeupe hupanda na hewa ya moto inayotoka bondeni, na mara nyingi unawaona kwa juu, mgongo wao ukiwaka jua.

6. Siku ya pili: Magamba

Fikeni msituni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kukiwa na ukungu mzito, kunyweni chai kwanza, kwa kuwa ndege nao husubiri utawanyike. Panga kilomita tatu tu, kwa saa tatu au nne. Kila mmoja avae suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi, sweta, na koti la mvua. Kwa kila mtoto beba maji nusu lita kwa saa mbili, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu na karanga.

Simameni dakika kumi penye mwanya wa mwanga, pembeni mwa mti wenye matunda. Gawaneni pande: mmoja juu, mmoja katikati, mmoja chini.

Juu, sikilizeni mabawa. Hondohondo wa hapa huruka kwa kishindo cha hewa kinachosikika kabla hajaonekana. Waelezeni watoto kwamba jike hujifungia ndani ya tundu la mti kwa udongo, na dume humlisha kupitia ufa mwembamba. Shorobo wa kijani hukimbia juu ya matawi kama kindi. Subirini aruke, mbawa zitafunguka nyekundu. Wekundu huo ni rangi halisi yenye shaba ndani yake.

Katikati hupita makundi ya ndege wadogo mchanganyiko. Kimya cha nusu saa, kisha ndege kumi kwa mkupuo. Msiwakimbilie, tulieni, kundi lenyewe litawapitia.

Chini ndiko kwenye hazina. Kuna ndege mdogo wa kahawia, Sheppardia montana, anayepatikana Usambara Magharibi tu, duniani kote. Anarukaruka sakafuni penye giza, mara nyingi karibu na siafu, akila wadudu wanaowakimbia.

Usipige sauti za ndege kwa simu ili kuwavuta. Dume huacha kiota na chakula kuja kupigana na adui asiyekuwepo. Mbega na kima nao msiwape chakula.

7. Yanayokwenda kombo

Mkikanyaga siafu, kimbieni hatua ishirini kwanza, ndipo mvue viatu. Anayesimama kuwatoa papo hapo huongezewa wengine.

Mtoto akianza kulalamika, tatizo huwa baridi au njaa kabla ya uchovu. Badilisha soksi zilizolowa, mpe kitu cha kula, subiri dakika kumi. Akiendelea, rudini.

Usiku, tochi karibu na vichaka itafichua vinyonga waliolala, wamepauka kwenye ncha za matawi. Tazameni bila kugusa. Mfukuzeni hofu mtoto kwa kumwonyesha, si kwa kumshikisha.

8. Siku ya tatu

Tembeeni sokoni, kisha ondokeni mapema mshuke mchana. Kabla ya kufunga mabegi, kagueni watoto kupe: nyuma ya masikio, kwapani, kiunoni, nyuma ya magoti. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu moja kwa moja bila kumzungusha wala kumpaka mafuta, kisha osha pale kwa sabuni. Mtoto akipata homa ndani ya wiki mbili au tatu zinazofuata, mpelekeni akapimwe, na mwambieni daktari alikuwa wapi.