Unasoma nje kwenye mji mdogo? Klabu za chuo zichangamkie mapema

Mji mdogo ikifika saa mbili usiku kila kitu kishafungwa na basi la mwisho lishapita, kwa hiyo usipojipanga utajikuta unaishi chumbani na simu tu. Wiki ya kukaribisha wanafunzi wapya usiikose hata kama umechoka na safari, maana ndo klabu zinaweka meza zao nje na kila mtu hapo ni mgeni kama wewe, baada ya mwezi watu washapata makundi yao na kuingia inakuwa kazi kweli.

Jiandikishe hata tano, halafu baadae baki na mbili unazozipenda, na moja iwe ya vitendo, mfano kwaya, mpira, kupanda milima au kupika, kwasababu huko hata kama lugha inakusumbua unafanya kazi na wenzako na maneno yanakuja yenyewe. Siku ya kwanza usijifiche nyuma, msogelee anayepanga viti mwambie nikusaidie, hapo hapo stori zinaanza.

Klabu ya wanafunzi wa kimataifa nzuri sana ila isiwe hiyo tu jamani, wenyeji utawajua lini?

Kama unayoitaka haipo, nenda umoja wa wanafunzi uulizie, vyuo vingi vinaruhusu muanzishe yenu mkipata wanachama wa kutosha na katiba fupi, na mara nyingi chumba cha kukutania mnapewa bure.

Pombe kama hunywi sema tu hunywi. Na kabla ya kutoka usiku uliza nani ana gari mrudi wote.