Ua lisilongoja chai: jinsi ya kueleza spishi mpya ya airisi wa milimani

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Airisi wenyewe, wa jenasi Iris, asili yao ni nusu ya kaskazini ya dunia. Yale maua ya buluu yenye doa la njano unayoyakuta kwenye nyasi za juu huko Mahale, milima iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, moto ukishapita na mvua zikianza, ni binamu zao wa familia ileile ya Iridaceae, na mara nyingi ni Moraea. Kwa hiyo ukikuta ua usilolijua, usitangaze haraka. Huenda ni jipya kwako tu.

Hatua ya 1: Vibali. COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kwa utafiti, TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) kwa kuwa Mahale ni hifadhi ya taifa. Anza miezi kadhaa kabla ya safari.

Hatua ya 2: Wahi. Maua mengi ya Moraea hufunguka kwa saa chache tu na kunyauka siku hiyohiyo. Mwanzoni nilikuwa nalala chini karibu na ziwa, nakunywa chai yangu taratibu, kisha napanda. Nikifika juu nakuta vitambaa vilivyojikunja. Mzee wa Kitongwe, mwenyeji wa huko, aliyekuwa akituongoza alicheka: "Mwanangu, hili haliwasubiri wanywa chai." Usiku uliofuata tulilala hukohuko juu pamoja na askari wa hifadhi. Lako huenda ni la mchana au la jioni, kwa hiyo kaa nalo siku nzima na uandike saa linapofunguka na linapofunga. Saa hizo nazo ni sehemu ya maelezo.

Hatua ya 3: Lisome likiwa hai. Hapa ndipo penye kazi, maana rangi na umbo la ua hili havivumilii kukaushwa. Hesabu tepali, yaani vile vipande vya rangi vinavyofanana na petali: tatu za nje, kubwa, zenye doa la njano la kumwongoza nyuki, na tatu za ndani. Katikati utaona kama petali nyingine tatu ndogo. Si petali. Ni matawi ya staili, yaani kile kijiti kinachopanda kutoka kwenye ovari, yaliyotandazwa yakawa bapa. Inua tawi moja kwa ncha ya pini, utakuta stameni, kiungo cha kiume chenye chavua, imejibanza chini yake kama mtoto ndani ya khanga ya mama. Karibu na ncha ya tawi, upande wa chini, kuna kidomo chembamba kinachopokea chavua. Nyuki akijipenyeza, mgongo wake unagusa kidomo hicho kwanza, ndipo unafika kwenye chavua mpya. Ukikuta matawi membamba kama uzi, hiyo huenda si Moraea. Tafuta kwenye Gladiolus na ndugu zake.

Pima mimea kumi, si mmoja ule uliokuvutia. Andika harufu, rangi, mwinuko, aina ya udongo na majirani zake. Piga picha ukiwa umeweka rula.

Hatua ya 4: Chimba, usivute. Mwaka wangu wa kwanza nilivuta. Mashina yalikatika, nikarudi Kigoma mjini na vielelezo sita visivyo na tunguu, ile sehemu nene ya chini ya ardhi, na mtaalamu niliyemkabidhi akaviweka pembeni bila neno. Alikuwa na haki. Ule wavu wa nyuzi unaolifunika tunguu, uwe laini au mgumu, mweupe au wa kahawia, ni alama muhimu ya kutofautisha spishi. Ila hesabu mimea kabla ya kuchimba. Mimi sizidishi mmoja katika kila ishirini, na ikiwa michache sana nachukua mmoja na picha.

Hatua ya 5: Kausha. Tandaza ua kwenye karatasi laini ya chooni, kisha weka ndani ya gazeti na ubane. Ukibadilisha magazeti yenye unyevu, ile karatasi laini usiiguse, utachana tepali. Maua mawili matatu yatie kwenye spiriti ya asilimia 70 yabaki na umbo lake, na vipande vya jani kwenye silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu, kwa ajili ya DNA. Kwenye boti ya kurudi usiweke mzigo huu jirani na dagaa. Ninacho kielelezo kinachonukia hadi leo.

Hatua ya 6: Linganisha. Upya wa spishi unathibitishwa kwenye makabati ya hebaria, yaani hifadhi za mimea iliyokaushwa: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Arusha, Nairobi, na picha ambazo Kew, bustani ya mimea ya Uingereza, wameziweka mtandaoni. Anza na kitabu cha mimea ya Afrika Mashariki, Flora of Tropical East Africa, kilichotoka kwa mafungu kuanzia 1952 hadi 2012. Fungu la Iridaceae liliandikwa na Peter Goldblatt mwaka 1996. Weka ua lako kando ya Moraea schimperi na Moraea carsonii. Ukubwa peke yake hautoshi, mmea wa kwenye rutuba hunenepa. Tafuta tofauti mbili au tatu zinazokwenda pamoja.

Hatua ya 7: Andika. Anza na ufafanuzi mfupi wa tofauti, kwa mtindo huu: "Inafanana na fulani, ila nyuzi za tunguu ni laini na tepali za ndani zimesimama wima badala ya kulala." Tangu 2012 sheria za majina zinataka ufafanuzi huo uwe kwa Kilatini au Kiingereza. Kiswahili bado, na jambo hilo linanikera. Teua kielelezo kimoja tu kiwe holotaipu, yaani kielelezo rasmi kinachobeba jina, taja hebaria kinapohifadhiwa, na nakala nyingine gawa. Jina la mahali huishia -ensis. La kuwaenzi Watongwe lingekuwa tongweorum. Kujipa jina lako hakukatazwi, ila utachekwa.

Mwisho ni ramani. Onyesha mlima, usichapishe nukta kamili ya GPS. Wapo wanaosoma makala hizi wakiwa na jembe mkononi.